Sala ya Migombani

Mzee Rwezaura alianza kuulizia ng'ombe wake mwaka uleule mkewe alipofariki. Mwanzoni aliuliza mara moja kwa siku, jioni, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. Baadaye akawa anauliza kutwa nzima: "Ng'ombe wamekunywa maji?" Na ng'ombe wenyewe hawakuwepo. Pale nyumbani Ihembe palikuwa na migomba, mibuni na mbuzi watatu. Ng'ombe wa mwisho aliuzwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, mwanawe Cleophace alipokwenda sekondari.

Aliyeshinda na mzee ni Placidia, mke wa Cleophace. Alimwogesha, akamkata kucha, akampondea ndizi zake laini kwa sababu meno yalikuwa yamebaki manne. Kila alipoulizwa alijibu, "Wamekunywa, baba," maana alikwisha kujifunza kwamba mzee akiambiwa ukweli analia. Usharikani watu walimsifu. Mchungaji aliwahi hata kumtaja kwenye mahubiri, naye akainamisha kichwa, nusu kwa aibu, nusu kwa furaha.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, uvumilivu ulimwishia. Cleophace alikuwa amekwenda gulioni Nyaishozi tangu asubuhi. Maharage yaliungua jikoni, mbuzi akakata kamba na kuvamia mboga, na mzee, kwenye kiti chake barazani, akauliza kwa mara ya kumi na ngapi sijui:

"Placidia, ng'ombe wamekunywa maji?"

"Basi nenda ukawanyweshe mwenyewe!" Placidia akafoka. "Nenda! Niache nipumue!"

Placidia akamkimbilia mbuzi, akahangaika naye mpaka akamkamata. Aliporudi akimburuta kwa pembe, kiti kilikuwa kitupu. Fimbo ya mzee haikuwepo, wala kofia yake.

Kwanza hakushtuka. Akaangalia chooni, akaangalia nyuma ya jiko, akazunguka shamba akiita. Ndipo alipopiga yowe. Jirani yake Anatolia alikuja, kisha wengine, na kabla ya saa saba nusu ya kitongoji walikuwa wanatafuta.

"Ameondokaje?" Anatolia aliuliza.

"Nilikuwa namfukuza mbuzi. Nikarudi, sikumkuta."

Ilikuwa kweli, ila si yote. Kwa hiyo watu walitafuta pale ambapo wazee waliosahau hupenda kwenda. Wengine walikwenda kwenye kaburi la mkewe, wengine kanisani, na vijana wa bodaboda wakashika barabara ya Nyaishozi. Cleophace alipigiwa simu, akaacha shughuli zake, akawa anatafuta akitokea upande ule.

Saa tisa ikafika, mzee hajaonekana. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya vilima, meusi, na upepo ulianza kuchana majani ya migomba. Hakuna aliyelisema, lakini kila mmoja alimkumbuka bibi wa kijiji cha pili aliyepotea hivyohivyo. Alionekana siku ya tatu, na waliokwenda kumchukua walibeba machela.

Anatolia akawakusanya wanawake uani. "Tuombe," alisema. "Placidia, tuongoze."

Placidia alikuwa hodari wa kuomba. Alifumba macho, akaanza: "Ee Mungu Baba Mwenyezi, uliye Mchungaji Mwema, usiyesinzia wala kulala..." Maneno yalikuja yenyewe, yamepangika vizuri kama ya Jumapili, na kadiri yalivyopangika ndivyo kinywa kilivyozidi kumkauka. Alikuwa anamwambia Mungu mambo yote isipokuwa lile moja. Akasita katikati ya sentensi.

"Nisameheni," akasema, akaondoka, akaingia migombani.

Alikwenda mpaka sauti za wenzake zikapotea. Alianguka kwenye majani makavu na kulia kwa lugha ya nyumbani kwao, Kinyambo, lugha aliyofunzwa na mama yake kabla hajajua Kiswahili cha kanisani. "Mukama wange, njuna! Bwana wangu, niokoe!" Alilisema mara nyingi, viganja vimezama kwenye udongo. Hakuweza kusema kingine. Halafu likatoka:

"Mimi ndiye niliyemfukuza, Bwana. Wao hawajui. Wananihurumia bure. Nilimfokea mzee wa watu, nikamwambia nenda. Nikamwambia nenda ukawanyweshe ng'ombe..."

Aliyasikia maneno yale kana kwamba yamesemwa na mtu mwingine. Ukawanyweshe ng'ombe. Mzee hakupotea. Mzee alitumwa, naye akatii.

Placidia aliinuka na kukimbia. Alipita uani bila kusimama.

"Yuko lamboni!" alipaza sauti. "Huko bondeni wanakonywesha ng'ombe! Mimi ndiye niliyemwambia aende! Mwambieni Cleophace!"

Kutoka pale hadi lamboni ni mwendo wa karibu saa nzima kwa mtu anayetembea taratibu. Yeye hakutembea. Alishuka kwenye njia ya mawe akiwa peku, khanga mkononi, matone ya kwanza ya mvua yakimpiga usoni, na kila hatua alisema, "Usimchukue bado, Bwana. Bado, tafadhali." Migomba iliisha, yakaanza malisho ya wafugaji, mapana na matupu. Mbele yake lambo lilionekana, maji yake mekundu, ukingo umevurugwa na kwato.

Kofia ya mzee ilikuwa inaelea katikati.

Sijui kama ile iliyomtoka tuiite sala. Lilikuwa jina moja tu, "Yesu!", na alilipaza kama mtu agongaye mlango wa nyumba inayoungua. Aliingia majini mpaka magotini, kisha kiunoni, akipapasa kwenye matope kwa mikono miwili.

"Mama! Wewe mama! Toka humo, utazama!"

Mwanamume mrefu aliyejifunika koti la mvua alikuwa anashuka mbio, fimbo ya kuchungia begani. Alimshika mkono na kumvuta mpaka nchi kavu.

"Unamtafuta mzee?"

Placidia alionyesha ile kofia.

"Hiyo ilipeperushwa na upepo," alisema yule mtu. "Nilitaka kuifuata, akanikataza. Anasema anayo nyingine. Mimi naitwa Kakuru. Mzee yuko kwangu, pale juu, anakunywa maziwa."

Placidia alikaa chini kwenye tope. Alianza kulia, katikati ya kilio akacheka, akashindwa kujizuia na kimoja wala kingine. Kakuru alisubiri kwa heshima, akitazama ng'ombe wake.

"Ametufikia mchana," alieleza walipokuwa wanapanda. "Akaanza kuwapanga ng'ombe wangu: ndama mbele, madume nyuma. Nikamwuliza, wa kwako wako wapi, baba? Akasema, ni hawa. Sikubishana naye. Simu haina chaji, na nilipotaka kumrudisha alikataa katakata kuondoka kabla ng'ombe hawajamaliza kunywa. Wamemaliza sasa hivi, mvua nayo ikaanza."

Mzee alikuwa ndani, karibu na moto, amefunikwa blanketi na Yudesi, mke wa Kakuru. Kikombe kilikuwa mikononi na povu la maziwa mdomoni. Alionekana mwenye raha kuliko siku zote za mwaka ule.

Placidia alipiga magoti mbele yake, maji yakimchuruzika. "Shikamoo, baba. Nilikufokea asubuhi. Nisamehe."

"Marahaba. Nani alinifokea?"

"Mimi, baba. Placidia."

Mzee alitikisa kichwa. "Placidia hafoki," alisema kwa uhakika. "Usimsingizie."

Yudesi alicheka mpaka akaziba mdomo, na Placidia naye, ijapokuwa neno lile lilimchoma.

Mvua ilikuwa imeshika kasi Cleophace alipofika na bodaboda, ameloa chapachapa. Alimshika baba yake mabega, akamtazama kichwani na miguuni, kisha akamgeukia mkewe. Placidia akamweleza yote, hakupunguza neno.

Cleophace alijifuta uso.

"Mimi nilimwambia hivyohivyo mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa," alisema. "Tofauti ni kwamba siku ile miguu ilikuwa inamuuma, hakwenda."

Yudesi alisimama, akawaambia wote wafumbe macho, akashukuru kwa maneno machache ya lugha ya kwao, mafupi kuliko sala ya chakula. Wakaitikia "Amina", mzee kwa sauti kubwa kuliko wote. Kakuru akasema wamlete hata kila Jumamosi, wanyweshaji wa namna ile ni adimu siku hizi.

Yudesi akaepua chungu cha ndizi, akamwekea Placidia sahani iliyojaa. Placidia hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alikula yote, akaongezewa ya pili, akaipokea bila kuona haya, mvua ikinyesha juu ya bati na mzee akikoroma taratibu kando yake.