Kiatu cha Mama Mkwe

Jeki ya shangazi ilikuwa ndefu, nyembamba na yenye hasira, ndiyo maana aliibatiza Mama Mkwe. "Huyu unamwendea kwa adabu, ubavuni," alikuwa akisema. "Ukimwinamia usoni, anakuzaba kofi la chuma."

Safari iliyopita, lori dogo la shangazi lilikwama porini likiwa na shehena ya mbao. Alipopiga jeki, lori halikupanda hata chembe. Mama Mkwe ndiye aliyezama, taratibu, kama mtu anayejiachia kwenye kochi. Msaidizi wake aliyaona hayo, na waliporudi mjini akaenda zake kuuza soda. Kiti cha msaidizi kikabaki wazi.

Binti wa kaka yake alikitaka kiti kile hadi alikuwa akikiota. Tatizo lilikuwa sauti. Hata kuku walipoingia jikoni, aliwafukuza kwa kunong'ona.

"Mwanangu," shangazi alimwambia, "mikono unayo, akili unayo. Lakini msaidizi wa lori ni king'ora. Nikirudi nyuma kwenye korongo halafu wewe unanong'ona, tutamalizia mazungumzo huko chini."

Binti akatazama vidole vyake vya miguu.

"Haya, usininunie. Twende dukani. Vifaa vya jeki utachagua wewe, nami nitafunga mdomo. Tukivijaribu nikaridhika, safari ijayo tunakwenda wote."

Muuza vipuri alikuwa mzee wa maneno mengi, miwani yake ikiwa kwenye paji la uso huku yeye anaitafuta mezani. Alimwaga vifaa vyote mbele yao. Kwanza alisifia koti jekundu la kufunikia jeki. "Hili sasa! Jeki inavaa kama bwana harusi."

Shangazi alifumbua mdomo, akakumbuka, akaufumba tena. Ilimuuma kweli.

Binti alisogeza koti pembeni. Akachukua vitako viwili vya kuweka chini ya jeki, kimoja cha chuma kinachong'aa, kingine cha plastiki nzito, kipana kama sinia. Badala ya kuuliza, alitoka navyo hadi nyuma ya duka, ambako watu walikuwa wakiosha magari na matope hayakauki. Akakilaza cha chuma, akasimama juu yake kwa mguu mmoja, akaruka. Kikazama. Akarukia kile kipana. Kikatulia.

"Binti, umekuja kununua au kucheza ngoma?" muuzaji akauliza. Waosha magari wakacheka. Binti akaona haya hadi masikio yakamwaka moto, lakini kitako kipana hakukiachia.

"Mama Mkwe kapata kiatu," shangazi akapasuka. "Samahani, nimenyamaza."

Kisha binti akachagua mkanda wenye kulabu mbili. Alikuwa ameshaona kwamba ukiinua bampa, springi zinanyooka tu na tairi linabaki limelala matopeni. Kulabu hizi zingeingia kwenye matundu ya ringi na kuinua tairi lenyewe. Mwisho akaokota kibanio kidogo cha mpira cha kushikilia mpini wa jeki usimame wima.

"Hicho ni cha mapambo," muuzaji akasema.

Hata shangazi alikunja uso. "Kidude hiki cha nini, mama?"

Binti alisema kitu, lakini hakuna aliyesikia.

Walivijaribu palepale. Shangazi aliingiza lori kwenye matope kusudi, tairi la nyuma likadidimia hadi nusu. Binti akaweka kiatu chini ya jeki, akapachika kulabu, na shangazi akapiga mpini. Tairi likang'oka kwenye matope kwa mlio wa busu kubwa. Waosha magari wakapiga makofi. Binti akajaza mawe kwenye shimo, akarudi pembeni.

"Kazi imekwisha!" shangazi akashangilia, na kwa furaha ile akasahau adabu zote. Aliuacha mpini chini, akainama usoni pa Mama Mkwe, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kushushia jeki.

"SHANGAZI! RUDI NYUMA! KICHWA!"

Sauti ilimtoka binti kama honi ya lori la mizigo. Shangazi aliruka kinyumenyume, kidole kikiwa kimeshagusa. Mpini ukafyatuka, ukapita pale kilipokuwa kichwa chake, ukaanza kupiga juu na chini kama umepandisha mashetani, hadi tairi likakaa juu ya mawe.

Muosha magari mmoja alikuwa ameangusha ndoo. Shangazi aliketi kwenye matope, miguu mbele, akitazama mpini.

"Kumbe kidude ni cha kazi hiyo," akasema.

"Ndiyo," binti akanong'ona. "Unausimamisha mpini kwanza, unaubana, ndipo unashusha."

"Mbona sasa unanong'ona? Nusu mtaa umeshakusikia!" Shangazi akaanza kucheka, akacheka hadi akajipaka matope usoni kwa kufuta machozi. "Nipe mkono, king'ora wangu, uniinue. Au unataka kuniwekea kiatu na mimi?"

Binti akamvuta. Kisha akafungua mlango wa lori, akaweka kitako, mkanda na kibanio chini ya kiti cha msaidizi, akapanda, akakaa.

Muuzaji alitokea dukani akikimbia na koti jekundu mkononi. "Na hili je?"

"HAPANA!" binti akajibu kutoka dirishani, na ndoo ikaanguka mara ya pili.