Nguo za Tauni

"Nguo za tauni! Nguo za tauni, jamani, njooni!"

Hivyo ndivyo Kashindye alivyozoea kunadi vitambaa vyake gulioni Buswelu, tangu biashara ilipopata ruksa na maduka ya Mwanza yakafurika bidhaa za nje. Kila mtu alijua tauni ni mjini, kule dukani kwa Manjula anakochukua mali. Lakini wiki hiyo redio ilikuwa imetangaza tauni nyingine, ile ya panya, kwamba imeua watu India. Mama aliyekuwa akipapasa kitambaa cha maua akakiachia kama kaa la moto.

"Umesema za wapi?"

"Za tauni, mayu. Kwa Manjula."

"Yule Mhindi?"

"Tauni ya mjini, jamani! Kwani leo ndiyo mara ya kwanza kunisikia?"

Hakuna aliyecheka. Watu walirudi nyuma, wakabaki wakimtazama kwa mbali. Muda si muda akafika Luhaga, Bwana Afya wa kata, mtu aliyependa kuchungulia vyoo vya wenzake kuliko kula. Hakugusa kitu. Alivinyooshea vitambaa fimbo.

"Zamani huko Ulaya, tauni ikiingia nyumba, mlango unafungwa kwa nje, mgonjwa na mzima humo humo," alisema, akiionea fahari elimu yake. "Mimi sikufungii. Ila nenda kaulize vimetoka nchi gani. Vikiwa vya India, nachoma vyote."

Kashindye hakuwa na shamba wala mume. Vitambaa hivyo ndivyo vilivyomlisha yeye na binti yake, Hellen. Alifunga furushi, akashuka mjini na hasira zake.

Alimkuta Manjula chumba cha nyuma, amechuchumaa kati ya majora ya vitambaa, anabandua karatasi zilizogandishwa juu yake. Kashindye alikuwa amemaliza darasa la saba. Neno INDIA lililoandikwa kwenye karatasi hizo halikumshinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umerudi na mzigo?" Manjula alizifunika karatasi kwa pindo la sari.

"Bwana Afya anataka kujua vitambaa vimetoka wapi."

"Hivi ni vya zamani. Vilifika kabla ya ugonjwa."

"Kama ni vya zamani, unabandua nini?"

Manjula akasema, "Wateja wangu nao wana redio. Bibi yangu alikuwa Bombay wakati wa tauni ya enzi za Mwingereza. Askari waliingia majumbani, wakachoma magodoro, wakabeba watu kambini. Bibi aliporudi, alikuta wameezua hata paa. Ukimwambia huyo mtu wako ni vya India, unadhani ataishia kwenye nguo? Sema Dubai, mwanangu."

Kashindye alimwonea huruma, na papo hapo hakumwamini. Vya zamani, au vya juzi? Swali lilimfika mdomoni akalimeza, kwa sababu aliliogopa jibu lake.

Luhaga alikuwa akimngoja palepale gulioni.

"Enhe?"

"Dubai."

"Una hakika?"

"Mwenyewe kaniambia kwa mdomo wake."

Luhaga alimkodolea macho, kisha akaondoka, akipiga nyasi kwa fimbo yake. Watu waliokuwa wamejitenga wakaanza kurudi mmoja mmoja. Yule mama wa asubuhi alinunua kitambaa cha maua, akambeba mjukuu wake mgongoni kwa kitambaa hicho, akaenda zake akiimba. Kashindye alimfuata kwa macho mpaka alipopotea. Hakunadi tena kwa neno lolote.

Nyumbani, Hellen alimpokea akiwa ndani ya gauni jipya aliloshonewa na mama yake kwa mabaki ya jora la Manjula.

"Njoo hapa. Inua mikono."

Akaingiza vidole chini ya makwapa ya mtoto, akibonyeza taratibu. Akateremka kwenye kinena, akitafuta mitoki, ule uvimbe wa tauni. Ngozi ilikuwa laini. Lakini ilikuwa ya moto kidogo, au ni kwa kucheza juani mchana?

Hellen alijikunyata akicheka, akidhani anatekenywa.

"Tena, mama! Tena!"

Kashindye akapapasa tena.