Mwani Kwenye Meno

Kwa taifa zima la Korea, kwa mashabiki wetu popote walipo, na kwa yeyote anayehusika: mimi, Pyo Danwoo, mdogo kuliko wote katika kundi letu la waimbaji watano, natangaza kustaafu utani kuanzia leo. Uamuzi huu nimeufikia kwa hiari yangu mwenyewe, muda mfupi baada ya meneja kuninyang'anya simu.

Ieleweke kwamba utani nilisomea. Katika shule ya bweni nilimtilia mwalimu wa zamu chumvi kwenye chai yake ya shayiri, kisha nikaungana naye kumsaka mhalifu. Kwa hiyo Jumanne, nilipojificha nyuma ya nguo za jukwaani katika chumba cha kubadilishia, nilikuwa kazini. Nilimsubiri Kaka Haesol, kiongozi wetu, nimshtue.

Aliingia, akafunga mlango, akakaa sakafuni. Akajiziba mdomo kwa mkono na kuanza kuhema kama mtu aliyeopolewa majini. Sikuruka. Nilibaki katikati ya makoti yanayometameta mpaka moja likaanguka.

"Umeona nini?" akauliza.

"Makoti."

"Danwoo."

"Nimekuona wewe, kaka."

Alinikamata shati. "Ukimwambia mtu, nimekwisha. Kampuni itatangaza kwamba napumzika kwa ajili ya afya. Unamjua nani aliyepumzika akarudi?"

Nilifikiri, nikakosa hata mmoja. Nikaapa sitasema.

Tatizo lilikuwa Ijumaa. Kwenye vipindi vya muziki vya televisheni, wimbo ukiisha kamera humganda mmoja wetu usoni, naye lazima atabasamu huku anahema, nchi nzima ikimtazama. Nafasi hiyo ni ya Haesol. Wiki iliyopita tabasamu lilimzimikia njiani, akabaki anaitazama kamera kama anatazama ukuta. Kufika jioni mtandao ulikuwa umeshahukumu: ametuchoka, ana maringo, awapishe wenzake. Kampuni ikatuma ujumbe mfupi: Ijumaa acheke. Wimbo wenyewe, kwa taarifa yenu, kiitikio chake ni neno "cheka" tu, kwa mdundo wa kurukaruka.

Ijumaa nyuma ya jukwaa tuliletewa kimbap, ule wali uliovingirishwa kwa mwani mweusi. Haesol hakuugusa.

"Kula, kaka. Utaanguka."

"Nikila nitatapikia viatu vyako."

"Viatu ni vya kampuni. Tapika kwa amani."

Alicheka kidogo. Kisha nikaona amevikalia vidole vyake ili visitetemeke. Nikachana kipande cha mwani, nikakitia mfukoni.

Ukumbi ulikuwa bahari ya taa za mashabiki, wote wakiimba majina yetu. Kwenye kiitikio cha mwisho Haesol alikosea kugeuka. Katika kisikilizi changu cha sikioni, mahali pa sauti yake, nilisikia pumzi tu, fupifupi. Taa nyekundu ya kamera ikawaka mbele yake. Akatikisa kichwa kidogo sana: hawezi.

Nikalowesha mwani kwa ulimi, nikaubandika kwenye meno mawili ya mbele, nikajitokeza mbele yake na kulichekea taifa kama kibogoyo. Ukumbi ukaangua kicheko. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo, na Haesol alikuwa ameushika.

Meneja Tak huwa anafoka. Safari hii aliniita ofisini akaongea taratibu, jambo lililonitisha zaidi.

"Kwa nini, Danwoo?"

"Mwani ulinasa, kaka meneja. Ajali ya chakula."

"Umenasa sawasawa, kama umepimwa na fundi."

"Nina meno yenye bahati."

Hakucheka. Akanigeuzia simu yake. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho hata mtoto wa fani hii hakisahau: kila mmoja wetu ana mashabiki wanaomrekodi yeye peke yake, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Yule wa Haesol alikaa pembeni mwa ukumbi. Mgongo wangu haukumficha.

"Huyu aliyechuchumaa nyuma yako anafanya nini?"

"Anacheza."

"Wimbo umekwisha hapo."

Nikaigeuza simu ikalala kifudifudi mezani.

"Jumatatu tunasafiri, miji minne," akasema. "Ukiniambia ulikuwa utani, utasafisha vyoo vya bweni mnaloishi mwezi mzima, na Haesol atapanda ndege. Ulikuwa utani?"

Ulikuwa uongo rahisi. Nimewahi kusema mkubwa kuliko huo kwa sababu ya tambi. Lakini alama za kucha zilikuwa bado kwenye mkono wangu, na nyuma ya mlango wa kioo Haesol alikuwa amekaa koridoni akinitazama. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kama jukwaani.

"Hapana," nikasema. "Haukuwa utani. Kaka Haesol anashindwa kupumua."

"Tangu lini?"

"Nilimwona Jumanne."

"Jumanne tu?"

"Nilimwona Jumanne," nikarudia. "Kumsikia, namsikia tangu majira ya baridi. Akihema bafuni, bwenini kwetu. Nilikuwa naongeza sauti ya muziki ili nisisikie."