Shangazi Aliyetoka Same

Swali lililonichosha Rusizi, kule Rwanda, ni hili: "Uko peke yako?" Niliulizwa na abiria wa kiti cha pembeni tukiwa bado ndani ya msitu wa Nyungwe. Nikaulizwa na mwendesha moto, bodaboda ya huko, pale gare ya Kamembe, yaani kituo cha mabasi. Nikaulizwa na dada wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni kule chini ziwani, Cyangugu, ambaye baada ya kupata jibu alichungulia nyuma yangu kana kwamba mume nimemficha kwenye begi.

"Nipo peke yangu," nilimwambia. "Hata kuzaliwa nilizaliwa peke yangu. Mama hakupata mwingine."

Jina langu Nakijwa. Ni fundi cherehani wa Same, mjane, na umri wangu naujua mwenyewe. Sisi Wapare watani wetu wanatusema kwamba tunapenda kesi, eti Mpare atauza ng'ombe wawili kudai kuku mmoja. Uongo mtupu, ingawa nakumbuka kuku mmoja. Nilikuwa nimefunga kibanda changu kwa sababu tangu shule ya msingi nilitaka kuliona Ziwa Kivu kwa macho yangu, na kutazama ziwa hakuhitaji mashahidi.

Basi asubuhi ya kwanza nikalitazama nikashiba, na Bukavu ya Kongo ng'ambo ile imejazana juu ya vilima vyake. Kisha nikapanda kwa miguu hadi Kamembe, nikafika juu natweta na njaa inaniuma. Kwenye mgahawa mdogo karibu na soko nikanunua sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa hilo, nikafungiwa kwenye karatasi. Nikawa natembea nawatafuna, roho yangu kwatu. Sijafika mbali nikasikia mtu ananikimbilia nyuma.

"Maman! Maman ya sambaza! Rudia!"

Alikuwa mwenye mgahawa, mwanamke mnene kidogo, kilemba kimeanza kumfunguka kwa mbio.

"Kuna nini?" nikauliza. "Si nimelipa?"

"Umelipa. Lakini muntu mukubwa hakulake mu njia. Bantu banakuona! Batasema hauna kwako. Kuya ukae."

Damu ikanipanda. Nikamwambia sambaza ni wangu, nimewanunua kwa halali, na nikitaka nitawala hata juu ya mti.

Akashika kiuno. "Sambaza ni yako, maman. Njia ni yetu."

Mpare anajua kesi iliyokwisha kushindwa. Nikarudi, nikakaa, nikaletewa sahani na pilipili na chai ya maziwa ambayo sikuiagiza. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Maman Anonciata, aliyekulia Bukavu, akarudi Rwanda mtu mzima, na ambaye hadi leo sijui kama nimpende kwanza au nimgombeze kwanza.

Siku zile zote nikawa nakula kwake. Pale ndipo nilipomkuta Nizeyimana, seremala kijana, mrefu, mpole kupita kiasi, aliyetengeneza meza zote za mgahawa ule. Nilizitikisa kwa makusudi, maana mafundi nawajua. Haikuyumba hata moja. Alinipeleka kuona karakana yake, akanitembeza bandarini, na kila tulipokutana na mtu alinibebea mkoba kama vile mimi ni mgonjwa. Nikimfokea anacheka tu.

"Baba yako yuko wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Alifia Uvira, maman. Aliitwa Gasana. Njo mwenye alinifundisha kazi ya mbao. Maman njo alitangulia kufa. Miye nikavuka, nikakuya huku."

"Na ndugu?"

Akaipuliza randa vumbi la mbao. "Hakuna."

Sikuendelea. Nilitamani kumshika bega, lakini mkono ukaona aibu.

Jioni yake Anonciata akanieleza lililokuwa linamkosesha kijana usingizi. Jumamosi ilikuwa siku ya kwenda kumwomba rasmi mchumba wake, Tuyisenge, binti wa mkulima wa mpunga kule uwanda wa Bugarama. Ng'ombe wa mahari yupo tayari. Shida ilikuwa baba wa binti, Mzee Protais. Nizeyimana alipokwenda kujitambulisha, mzee alimwambia neno moja tu: "Sina shida na weye. Lakini nataka kuona bantu yako. Muntu bila bantu, nikimupatia mutoto, siku mutagombana atakimbilia kwa nani?"

"Na watu wenyewe hana," nikasema.

"Ana siye! Papa Wenceslas, ule mwalimu wa zamani, njo atasema kwa jina yetu. Kuko bafundi benzake, kuko bantu ya korali ya kanisa. Lakini bamaman njo tuko kidogo." Akanitazama kwa jicho la kunipima nguo. "Weye unafaa kuwa shangazi."

"Mimi?"

"Utakaa tu. Hauseme kitu."

Nilikubali kwa sababu ya zile meza, na kwa sababu ya neno lile, hakuna, alilolisema huku akiipuliza randa.

Jumamosi nikavalishwa mushanana, ile shuka nyepesi inayofungwa begani siku za heshima, nikakaa kwenye gari safu ya mbele na Anonciata. Tulishuka milima hadi joto likatukumba kama tumefungua chungu, mashamba ya mpunga huku na huku. Kwenye hema upande wao umekaa huku, upande wetu kule, tunatazamana, katikati pamebaki wazi. Nizeyimana alikuwa mstari wa mbele na suti iliyomkaa vizuri. Kwapa moja tu lilikuwa limeshonwa vibaya, nikajizuia.

Msemaji wao alikuwa ami wa binti, Jean-Paul, mtu wa tumbo na sauti, kipaza sauti mkononi. Maneno yalikwenda kwa Kinyarwanda. Anonciata akawa ananitafsiria sikioni, uso mkavu, neno kwa neno.

Papa Wenceslas alisimama, akasalimia kwa adabu ndefu, akasema tumekuja kuomba binti.

"Anasema hapa hakuna binti," Anonciata akaninong'oneza baada ya Jean-Paul kujibu.

Nikashtuka. "Hakuna?"

"Anasema mwenye alikuwa hapa ameingia usista."

Papa Wenceslas akabembeleza. Jean-Paul akapinga.

"Anasema hata angekuwa hapa, babu yetu aliazima jembe yao hakurudisha."

Jembe! Kwetu Upareni ukisema huna binti, basi huna. Watu wanachukua mbuzi wao wanarudi nyumbani, na mwaka unaofuata bado hawasalimiani. Nikaona kijana wa watu anadhalilishwa mchana kweupe, na upande wetu wote umekaa unatabasamu. Papa Wenceslas akaomba radhi kwa ajili ya jembe. Akaomba radhi! Nikaanza kutafuna ncha ya shuka yangu.

Kisha Jean-Paul akasogea mbele, akatunyooshea mkono safu nzima, akasema kitu kirefu. Safari hii Anonciata alichelewa kidogo.

"Anasema nini?"

"Anasema huyu kijana hana bantu. Anasema hawa amebaokota tu ku gare ya Kamembe."

Nizeyimana aliinamisha kichwa. Upande wetu ukacheka, Papa Wenceslas akajibu kwa methali, lakini mimi nilikuwa natazama shingo ya yule kijana. Hasira ni hasara, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwa wamekaa kwenye kiti kile. Nilijikuta nimesimama. Anonciata alinivuta shuka, nikaivuta ikatoka mkononi mwake.

"Samahanini nyote," nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni. "Nimetoka Same, Tanzania. Gare ya Kamembe nimeshukia kweli. Mlitaka nishukie wapi, mbinguni? Huyu kijana namjua. Meza zake haziyumbi. Maman Anonciata akiugua, yeye ndiye anayemchotea maji. Baba yake aliitwa Gasana, fundi, na angekuwa hai ndiye angekaa kiti hiki. Hayupo, nimekaa mimi. Binti kama hamna, semeni, tuchukue ng'ombe wetu tuondoke na heshima yetu. Lakini hili la kwamba hana watu, hili nalikatia rufaa!"

Bugarama Kiswahili wanakijua wote. Jean-Paul alibaki na kipaza sauti hewani, mdomo wazi. Anonciata alikuwa ameufunika uso wote kwa shuka. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kuna jambo silijui, na usilolijua ni usiku wa giza, lakini maji nilikwisha kuyavulia nguo.

Upande wao, katikati ya safu ya mbele, mzee mwembamba wa shati jeupe akanyoosha mkono, akaomba kipaza sauti. Watu wakaguna. Baadaye niliambiwa kwamba siku ile baba wa binti hasemi; ana msemaji wake. Lakini Mzee Protais alisema.

"Maman, hakuna mwenye alikuambia? Hii ni mchezo. Siye tunakatalia mutoto, nyinyi munabembeleza, bantu banacheka, kisha tunamutoa. Ni desturi yetu."

Nikamgeukia Anonciata. Jicho moja likanitazama kutoka ndani ya shuka. "Nilifikiri muntu yote anajua," akanong'ona. Hivyo tu! Alinitafsiria jembe, akanitafsiria usista, hili moja likampita, kwa kuwa hakuwahi kukutana na mtu mzima asiyelijua.

Kicheko kikaanza nyuma kabisa, kikaja mbele, hema zima likavunjika. Nilitamani ardhi ya Bugarama inimeze pamoja na mushanana ya kuazima. Nikataka kukaa.

"Ngoja, maman," akasema Mzee Protais. Yeye hakuwa anacheka. "Jembe ilikuwa mchezo. Usista ilikuwa mchezo. Ile ya bantu, hapana. Njo miye nilimuambia Jean-Paul aiseme. Nilitaka kuona kama kuko mwenye itamuuma. Bantu ya kukodisha, ukibatukania kijana yao, banacheka, banangojea Fanta." Akamtazama Nizeyimana. "Huyu maman ni nani kwako?"

Nizeyimana alisimama. Mimi nikasahau aibu yangu yote kwa kumwogopea. Alikuwa na haki ya kusema kweli, kwamba ni mgeni, mteja wa sambaza, mtu wa kupita.

"Ni tantine," akasema, neno lao la shangazi na la mama mdogo pia.

"Wa upande gani?"

"Wa kwa papa."

Mzee Protais akatikisa kichwa kukubali, taratibu, akamrudishia Jean-Paul kipaza sauti. "Endelea," akamwambia, "lakini usimuchokoze tena huyu maman."

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yenye maji. Jean-Paul aliendelea na mchezo wake, akakataa mara mbili tatu nyingine, na kila akikataa alinitupia jicho na kurudi nyuma hatua, watu wakafa kwa kucheka. Binti akatolewa. Ng'ombe akasifiwa kwa mashairi marefu na mtu mwenye fimbo, ingawa ng'ombe mwenyewe hakuwa hemani, keshafungwa zizini kwa Mzee Protais. Tuyisenge alitoka na wenzake, mdogo wa umbo, ana mwanya, akamkumbatia Nizeyimana kwa staha, kisha akaja moja kwa moja kwenye safu yetu. Akamkumbatia Anonciata. Akanikumbatia mimi, akanibana kweli.

"Tantine," akaninong'oneza, "nilikuwa nasikilia mu nyumba. Ile ya rufaa! Harusi ni mwezi wa nane. Utakuya?"

"Nani atakushonea gauni?" nikamuuliza.

"Sijapata muntu."

"Umepata," nikasema. "Na lile kwapa la suti yake nitalifumua kwa mkono wangu."

Kesho yake nilikaa Cyangugu kando ya ziwa, na Anonciata amekaa pembeni yangu anamenya karanga. Alikuwa ameufunga mgahawa ili anisindikize kutazama maji. Simu ikaita. Alikuwa binti yangu Namsifu, wa Arusha, ambaye safari hii hakuipenda tangu mwanzo.

"Mama, bado uko peke yako huko?"

"Hapana," nikamjibu. "Na mwezi wa nane usiniwekee shughuli. Nina harusi huku."

"Ya nani?"

"Ya mtoto wa kaka yangu."

"Kaka yako yupi, mama? Wewe huna kaka. Umezaliwa peke yako, si unatuambia kila siku?"

Nilikuwa na jibu la haraka, mimi siku zote ninalo. Lakini nilimwona yule kijana anaipuliza randa, na mtu mwingine nyuma yake, nisiyemjua sura, anamwonyesha mtoto jinsi ya kuishika.

"Alikuwepo," nikasema. "Aliitwa Gasana. Seremala. Alifia Uvira."

Kisha nikampa Anonciata simu amalizie.