Sauti ya Kulaza Watu

Muuguzi alimwachisha kazi wakili wake asubuhi ileile ya kesi. Jana yake alikuwa amesoma maelezo aliyoandaliwa, akakuta imeandikwa kwamba mumewe alikuwa akimpiga. Mumewe hakuwahi kumwinulia mkono. Alipouliza, wakili alicheka tu, akasema hakimu hatoi talaka eti kwa sababu nyumba imepoa. Muuguzi alijiuliza: mtu anayedanganya kirahisi hivi kwa niaba yake, atamwambia yeye ukweli lini?

Mbele ya hakimu alifuta madai ya kipigo, akasema atajisimamia. Hakimu akamwonya kwamba sasa lazima aonyeshe ndoa imekufa. Akishindwa, atatoka hapo akiwa bado mke wa mtu.

Wifi yake, aliyekuja kumsindikiza kaka yake, alimnong'oneza akipita: "Wifi, leo umekuwa wakili? Joho umelisahau wapi?"

Mumewe alikuwa ameshaapa na kusema kwamba nyumbani kwake ni amani tupu. Hakuwa akidanganya, na ugumu ulikuwa hapo.

Feni ilizunguka taratibu. Vivuli vya mapanga yake vilipita juu ya meza na juu ya mikono ya karani, mpaka chumba kizima kikawa kama kiko chini ya maji. Kazi ya muuguzi ilikuwa kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji, na sasa alijikuta anaongea kama aongeavyo kando ya kitanda: kwa sauti ya chini, bila kudai jibu. Kwa sauti ile, wanaume wazima walikuwa wamemwambia mambo wasiyowaambia wake zao.

Alimuuliza mumewe mlango wa nyumbani una rangi gani. Akajibu. Aliuliza jioni nani huufungua. Akajibu ni yeye mwenyewe, kwa ufunguo wake. Mabega ya mumewe yalishuka. Wifi alikohoa, kaka mtu hakugeuka.

"Ukishafungua, ukanikuta nimekaa sebuleni, unajisikiaje?"

Macho ya mumewe hayakumtazama mtu.

"Huwa naona kama nimekosea nyumba," alisema. "Natamani niombe radhi, nitoke."

"Na usiponikuta?"

"Hapo ndipo navua viatu."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi alikuwa na maswali mengine, lakini akakaa. Jibu alilokuja kulitafuta lilimuuma kuliko alivyotarajia. Hakimu aliandika, akaandika, kisha akatamka kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na talaka imetolewa.

Mlangoni walifika pamoja. Nyuma yao wifi alikuwa anauliza kaka yake amelishwa nini. Mwanamume aliusukuma mlango, akaushikilia, akamtazama muuguzi kama mtu anayejaribu kukumbuka walionana wapi.

"Tangulia," alisema.

Akatangulia.