Mlango Alioutengeneza Sostenes

Ti. Kufuli liligusa mlango kabla majogoo hawajawika. Nje, Eliana aligeuza ufunguo polepole, amelishika kufuli kwa kiganja lisigonge ubao, ili baba yake asiamke. Mzee Sostenes alikuwa macho. Alilala kimya, bintiye aende sokoni na mafuta yake ya alizeti akiamini hakumsumbua.

Eliana aliiacha chupa ya chai mahali mkono wa mzee unapofika. Kiti alikiweka dirishani. Ndivyo mzee alivyofungiwa tangu alipotoroka kwenda stendi kutafuta gari la Shelui, arudi kambi ya wavuvi alikokuwa akiunda mitumbwi, miguu ikamwisha nguvu, akaanguka barabarani. Kijana wa bodaboda alimleta nyumbani kichwa kikivuja damu. Eliana alilia mpaka sauti ikamkauka.

Kulipopambazuka, uso ulitokea kwenye nondo za dirisha. Noel, mvuvi wa kambi ile, Ziwa Kitangiri.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, baba."

"Wamekufungia kama kuku wa Krismasi!"

"Kuku angekuwa ameshaliwa. Sema."

"Ule mtumbwi uliotuachia ukiwa umebakiza mbao mbili, tumeumaliza. Kesho unaingia majini. Wenzangu wamegoma. Wanasema fundi asipokaa mbele, hawapandi."

Sostenes alijua. Kambini kwao, siku ya kwanza fundi huketi mbele, peku, miguu juu ya mbao alizoziunga. Maji yakiingia, yanamlowesha yeye kwanza.

"Lori linanisubiri, mzee. Tunatokaje?"

Sostenes aliutazama mlango. Aliutengeneza mwenyewe, kwa mninga. Kufuli lilikuwa nje, lakini bawaba zilikuwa ndani, na bisibisi ilikuwa chini ya godoro.

Alijikokota, akaanza na skrubu ya juu. Ilitoka bila kelele. Moyo ulimdunda kama wa kijana. Alipoinama kufungua ya pili, aliona chupa ya chai, na kikombe kilichofunikwa nzi wasiingie. Eliana angerudi jioni akute mlango umelala chini. Angekimbilia barabarani moja kwa moja, kutafuta damu.

Aliegemeza paji la uso kwenye ubao. Kisha akairudisha skrubu mahali pake, akaikaza.

"Mzee?"

Sostenes alichukua nyundo yake ya mti, ile aliyogongea pamba ya kuzuia maji kwenye maungio ya mitumbwi yote ya kambi ile. Kwenye nondo ilikwama. Akaigeuza ubavu, ikapita. Mkono wake ukabaki nje kidogo, kwenye jua.

"Iweke mbele, ninapokaa mimi. Waambie roho yangu imo humo. Wakikataa, basi."

Noel aliipokea kwa mikono miwili. Hakutania tena. Honi ya lori ikalia.

"Nenda, baba. Ila uje tena. Njoo Jumapili, Eliana yupo, atakufungulia. Uje uniambie kama nyundo ililowa."