Viganja vya Mwosha Chupa

Jumanne asubuhi, mwosha chupa wa maabara ya maji alikuwa kwenye chupa ya kumi na nne viganja vyake vilipoanza kuwaka vyekundu. Alifunga bomba, akajifuta kwa aproni. Vikaendelea kuwaka.

"Ni ule unga," mpimaji alisema bila kuinua macho. Unga wenyewe, unaotiwa kwenye maji ya kupimwa, hung'aa chini ya taa ya zambarau maji yakiwa safi, na huzimika yakiwa na madini ya risasi. "Miaka tisa unausugua, dada, lazima ukuzoee. Vaa glavu, unanichanganyia vipimo."

Akavaa glavu. Jioni, nyumbani nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, alizivua amwogeshe binti yake wa miaka minne. Kwenye maji ya ndoo viganja vilififia. Kwenye mgongo wa mtoto vikazimika kabisa. Akavifuta kwa taulo, vikawaka. Akamshika goti, vikazimika tena.

"Mama, washa!" mtoto alicheka.

Mama hakucheka. Tangu mwezi uliopita mtoto alikuwa akikataa chakula, na maneno aliyokwisha kuyajua yalikuwa yakimtoka akilini moja moja. Juzi alisahau kusema kiatu.

Kesho yake alimbeba mpaka maabara, akamwekea kiganja mgongoni mbele ya mpimaji. Kikazimika.

"Mkono uko sahihi," mpimaji alikubali. "Ila maji ya mtaa wenu ni salama. Tunayapima kila mwezi."

"Mnayateka wapi, kaka? Chupa naziosha mimi. Bomba letu limezama kwenye tope mwaka mzima, na sijaona chupa hata moja iliyorudi na tope."

"Kwenu ni mbali." Akaonyesha bomba la ofisi. "Tunajaza hapa, tunabandika jina la mtaa. Ndivyo tulivyoelekezwa."

"Na huyu mwanangu?"

"Hatupimi watoto, dada. Fomu yao hatuna."

Mkuu wa maabara aliposikia habari za viganja hivyo, alimpandisha mama cheo siku hiyo hiyo. Sasa hukaa mezani kwenye kiti chake mwenyewe, akichovya mikono kwenye maji ya bomba la ofisi. Mikono huwaka, mpimaji hugonga muhuri: salama. Majirani humpelekea watoto wao awashike, viganja vikazimika, kisha huwabeba kurudi nyumbani.

Jana mtoto alivuta gauni la mama yake, akaonyesha mdomo. Neno maji lilikuwa limeshamtoka akilini. Bomba la mtaa ni lile lile moja la topeni. Mama alijaza kikombe, akamnywesha, kiganja kilichomshika kisogo kikiwa kimezimika.